Mbwa wa miezi 8 anaitika kwa boma tu, nje hasikii. Nifanye nini kabla nimtoe kamba?

Baba_Duma, Kiamunyi

Habari zenu wapenda mbwa. Niko Nakuru huku Kiamunyi, nina mbwa dume anaitwa Duma, mama yake ni Jamani Shefadi baba ni kienyeji, saa hii ako na miezi 8. Kwa boma hana shida kabisa, nikimuita hata akiwa nyuma ya nyumba anakuja mbio anakaa. Shida ni nje. Asubuhi natoka naye kabla watoto waanze kwenda shule, tunafuata ile njia ya murram mpaka kwa mashamba ya mahindi tunazunguka tunarudi, na ningependa sana siku moja atembee bila kamba juu kuna mahali pa wazi pazuri na yeye ni wa mbio, kamba fupi inamnyima raha. Lakini akiona mbuzi ama kuku mimi sipo tena. Naita Duma, Duma, Duma, anageuza sikio moja anaendelea na yake. Juzi kola ilichomoka kichwani akafukuza kuku wa mama mmoja hadi ndani ya mahindi, na kumshika ikawa kazi nzito, nikimkaribia anaruka pembeni anadhani tunacheza.

Jirani ananiambia nimchape akirudi ndo ajue. Mwingine anasema nimhasi tu mbio zitaisha. Mwingine tena anasema mbwa akiwa na damu ya kienyeji hafunziki, hiyo mimi siamini. Naomba mwenye amefunza mbwa kuitika nje aniambie naanzia wapi, kamba iwe urefu gani, nimpe nini, na nitajuaje ako tayari. Vitu vya kuagiza mtandaoni sitaweza, niambieni vya hapa hapa.

nyar_dunga, Kisumu

Baba Duma salama. Nimefuga na kufunza mbwa miaka mingi, wangu na wa watu, na kuitika ndo kitu nafunza kabla hata ya kukaa. Huku Dunga viboko wanatoka ziwani usiku kula nyasi na asubuhi mapema unaweza kupata mmoja bado ako nje, halafu magugu maji yakijaa mbwa anaona ni majani ya kukanyaga tu anaingia, kwa hivyo mbwa asiyerudi ukimuita huku hakai sana. Kwako ni boda na kuku za watu lakini hatari ni ile ile.

Kwanza jua hivi, kwa boma ulimfunza, nje hujamfunza bado, na kwa mbwa hayo ni masomo mawili. Usimkasirikie.

Jina lake limechakaa. Watoto wanaliita, mama analiita akimtoa jikoni, wewe unaliita mara tatu ukiwa umekasirika. Liache liwe la kumfanya akuangalie tu, halafu chagua sauti ingine ya kumuita ambayo haina kazi ingine duniani. "Kuja" mimi situmii, watu wanaambiana hivo kutwa nzima. Natumia filimbi ya plastiki, ile ya refa, napuliza fupi mara tatu. Inafika mbali kuliko mdomo, na hata ukiwa umeshtuka sauti yake haibadiliki, Duma hatasikia hasira ndani yake. Kama hutaki filimbi chukua neno fupi na nyumba nzima mkubaliane.

Chakula cha hii kazi kiwe kitamu kuliko chochote anapata siku ya kawaida. Huku kwetu ni omena. Ioshe vizuri mchanga utoke, ikaushe kwa sufuria kavu bila mafuta bila chumvi, ikipoa weka kwa kamfuko kiunoni. Inanuka, na hiyo harufu ndo unaitaka. Unatoa moja moja, si kiganja. Maini ya kuku ama mapafu ya ng'ombe ukichemsha ukakata vipande vya ukubwa wa maharagwe iko sawa pia. Ugali wake wa jioni usitumie hapa, hiyo anapata bila kufanya kitu.

Sasa anza ndani ya nyumba, kabla hajala. Duma ako hapo karibu, puliza halafu hapo hapo mpe omena, hata kama hajafanya lolote. Filimbi, omena. Filimbi, omena. Mara 10 hivi unawacha, jioni tena. Hujamuomba kitu bado, unataka tu hiyo sauti imuingie. Utajua imeingia siku utapuliza akiwa amelala na shingo inageuka kabla afungue macho vizuri. Hapo ndo unaenda chumba kingine unapuliza, halafu kwa boma, halafu nyuma ya nyumba. Ukiwa kwa boma tafuta mtu mkae pande mbili, huyu anapuliza Duma anakimbia anapata chake, huyu mwingine anapuliza anarudi anapata, watoto wanapenda sana hii na mbwa anachoka vizuri. Lakini filimbi wapewe saa hiyo tu, wakibaki nayo wataipuliza mchana kutwa na Duma ataacha kuiskia.

Akiwa anakuja usimsimamie wima ukimkazia macho, mbwa wengi hapo wanapunguza mwendo ama wanakuzunguka. Geuka upande, chuchumaa, ama bora zaidi kimbia ukienda mbali na yeye, mbwa anapenda kufuata kitu inakimbia, sasa kuwa hiyo kitu. Usimfukuze hata siku moja, ukimfukuza wewe ndo unafuata na mbio hutamshinda.

Akifika, kabla umpe, shika kola polepole na mkono mmoja halafu umpe na ule mwingine, karibu na goti lako. Kila mara. Hii ndo dawa ya ile kuruka pembeni ulisema, amejua mkono ukienda kwa kola raha imeisha. Ukishika kola, ukampa, ukamwambia "haya nenda", siku zikienda huo mkono hauogopi tena.

Na hiyo ya kumwachilia aende tena naiona kubwa kuliko yote nimesema. Angalia maisha ya mbwa wengi wa huku kwetu, anaitwa saa ya kufungwa, anaitwa kuogeshwa, anaitwa kutolewa kupe, anaitwa matembezi yakiisha. Wewe ungekuja? Kwa hivyo katika matembezi moja muite mara nyingi bila sababu, mpe, mwachilie, ile ya mwisho ya kwenda nyumbani ijifiche humo kati asiitambue. Kama ni kuoga ama dawa usimuite, enda wewe mwenyewe umchukue alipo.

Hiyo ya kumchapa akirudi naomba uiache kabisa. Mbwa anaunganisha fimbo na kile anafanya dakika hiyo, na dakika hiyo alikuwa anakuja kwako. Hata akikuzungusha nusu saa na umechoka, akifika mshukuru.

Nje tumia kamba ndefu, mita 10 inatosha, manila nyembamba. Usiifunge kwa kola, akifika mwisho wa kamba na mbio ataumia shingo, ifunge kwa hanesi ya kifuani. Vaa glavu maana manila ikipita kwa kiganja inachoma, na usiizungushe kwa mkono wala vidole. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna siku utaita halafu yeye ajilipe mwenyewe na kuku. Kila mara anakupuuza na anafurahia, hiyo ni treningi pia, treningi ya kukupuuza, na anaipata bure.

Puliza mara moja. Asipokuja usipulize tena, utakuwa unamfunza kungoja ya tano. Fuata kamba ukiikusanya taratibu mpaka umkaribie, piga makofi, ongea kwa furaha, rudi nyuma, akikufuata hata hatua mbili mpe. Halafu ujue ulimuomba kitu kigumu sana kwa siku hiyo. Mbuzi wakiwa ng'ambo ya shamba anaweza, wakiwa mita 5 hawezi, kazi yako ni kupunguza huo umbali polepole na usikimbilie. Na kila akigeuka akuangalie bila kuitwa, mlipe, mbwa anayekukumbuka mwenyewe ni nusu ya kazi.

Mwisho, mimi nina sauti mbili. Hii ya kila siku, na ingine ya dharura peke yake, hiyo naifanyia mazoezi mara chache tu kwa wiki na malipo yake ni ya ajabu, maini mazima yanafuatana moja baada ya ingine. Hiyo ya dharura haitumiki ovyo. Ianze ile ya kwanza ikishakomaa.

Mzee_wa_Malisho, Kitale

Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa ng'ombe hapa Trans Nzoia, nimekuwa na mbwa tangu nikiwa kijana na hakuna hata mmoja alipulizwa filimbi. Wanaenda malisho na vijana asubuhi, wanarudi jioni, ukipiga mluzi wanakuja. Siri ni kwamba mbwa mdogo anatoka na mbwa mkubwa tangu akiwa mdogo sana na anaiga. Nyinyi watu wa mjini mnamfungia kwa ploti miezi nane halafu siku moja mnataka ajue mambo ya nje. Mimi ningemtoa tu azoee. Na omena kwa mfuko, atafuata mfuko, hatafuata mtu. Mbwa lazima amuogope mwenyewe kidogo.

nyar_dunga, Kisumu

Mzee wangu heshima yako, na hiyo ya kuiga ni kweli kabisa, mbwa mdogo akiwa na mkubwa anayeitika kazi inapungua sana. Mluzi wako ndo filimbi yangu. Na mbwa wako pia wanalipwa, wanalipwa na kutembea na kundi siku nzima, na kuwa na vijana, na kile wanapata jioni wakirudi. Duma hana mkubwa wa kuiga, ako karibu na barabara, na kibaya zaidi ameshafukuza kuku akaonja utamu wake. Huyu akiachiliwa azoee mwenyewe, kuku ndo atazoea. Wewe unajua kushinda mimi, mbwa akianza kufukuza kondoo za watu huko malishoni mwenye kondoo haulizi ni wa nani.

Kuhusu mfuko, uko sahihi kama mtu anamuonyesha omena ndo aje. Hapo anafuata mfuko kweli. Omena isionekane, mkono uwe mtupu, itoke baada ya kufika. Akishakomaa unachanganya, leo omena, leo kupapaswa na kusifiwa, leo kutupiwa kitu akimbize, asijue ni gani inakuja. Lakini usikate kabisa, hata mbwa wangu mzee anapata kitu mara kwa mara.

Mzee_wa_Malisho, Kitale

Hiyo ya kundi kuwa ndo mshahara nimeikubali, sikuwahi kuiangalia hivyo. Ya kuogopa sijakubali bado. Lakini Baba Duma usimchape akirudi, hapo huyu dada anasema kweli, hata sisi hatuchapi mbwa amekuja.

daktari_wa_mifugo, Kakamega

Naongeza upande wa afya maana wengi wanaruka hapo. Kabla useme hasikii, hakikisha anasikia. Mpeleke akaangaliwe masikio. Mbwa mwenye kupe ndani ya sikio ama sikio lenye usaha anasikia vibaya, na ukimshika kichwani anaumia, kwa hivyo anakwepa mkono. Mwenye mbwa anadhani ni kiburi. Angalia kama anatikisa kichwa mara kwa mara, anajikuna, ama sikio linanuka.

Pili, miezi 8 ndiyo ujana wenyewe. Mwaka wa 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mbwa wanaolelewa kuja kuongoza vipofu, na waliona kwamba mbwa wa miezi 8 alikuwa mgumu kutii amri ya kukaa akiambiwa na yule anayemlea kuliko alivyokuwa na miezi 5, lakini akiambiwa na mtu mgeni hakuwa mgumu hivyo. Wakikaribia mwaka walikuwa wamerudi kwenye mstari. Nasema hivi kwa sababu ni umri huu huu watu wengi wanakata tamaa, wanamfunga mbwa kwa mnyororo moja kwa moja, na akishafungwa miezi mingi kumfunza inakuwa ngumu mara mbili. Vumilia, endelea na mazoezi mafupi, kamba ibaki.

Kuhasi, jirani yako ana kipande cha ukweli. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hazururi sana kutafuta jike. Lakini hakufunzi mbwa kuitika, na hamu ya kufukuza kuku haitoki kwenye korodani. Kaa na daktari amuone mbwa mwenyewe, ukubwa wake na afya yake, ndipo muamue ni lini. Na kama hajahasiwa, wakati kuna jike wa jirani yuko kwenye joto, hiyo ni kama wiki 3, usimtoe kamba hata awe mtiifu namna gani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi 3, halafu kila mwaka, na kadi uiweke vizuri. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030 na hatuwezi kufika kama mbwa wa nyumbani wanatembea huru bila chanjo. Hata mbwa mpole anaweza kumkwaruza mtu kwa jino akiruka kwa furaha. Ikitokea, kidonda kioshwe na sabuni kwa maji yanayotiririka dakika 15, halafu mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na huko ndiko wataamua kama atachomwa chanjo. Uliza pia kama alimaliza za utotoni, ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoambukiza mbwa, kabla ya kumpeleka mahali mbwa wengi wananusana.

Kwa chakula cha mazoezi, omena na maini hakuna shida. Usichemshe na vitunguu, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu kavu hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vikali. Smoki na soseji zina chumvi nyingi, kipande kidogo siku moja moja sawa, si kila siku.

mama_Lanet

Baba Duma sisi ni majirani basi, kaunti moja. Hanesi usinunue. Mtu wa kushona viatu na mabegi anaweza kukushonea na ule mkanda wa kiti cha gari, ni imara na hauchubui. Mpime Duma kifua nyuma ya miguu ya mbele, uache nafasi ya vidole viwili viingie. Klipu iwe ya chuma nzito. Manila unapata hadwea yoyote wanakata kwa mita, na ule mwisho wa kushika usifunge kitanzi wala fundo, ikiburuta chini kitanzi kinanasa kwa mizizi na mawe na mbwa anajikuta amekwama mbali na wewe.

Mahali pa kufanyia, tafuta penye ua. Uwanja wa kanisa siku za katikati ya wiki, ama shule wakifunga ukiomba ruhusa kwa mlinzi na mwalimu, ama ploti ya mtu yenye ukuta ambayo haijajengwa. Usimfungulie upande wa Menengai, pale juu ukingo wa kreta unashuka ghafla na mbwa anayefukuza kitu haangalii mbele. Mbuga ya Ziwa Nakuru mbwa haingii kabisa, na hata ukipita upande wa nje karibu na ua shika kamba fupi juu nyani wanatoka, na nyani dume akikasirika anamrarua mbwa mkubwa.

Halafu kuna watu. Hili naliongea na uchungu kwa sababu naona wenye mbwa wakilichukulia rahisi, wanapiga kelele kutoka mbali "haumi! haumi!" huku mtoto analia. Huyo mtoto hajui Duma. Wengine waliumwa wakiwa wadogo, wengine dini yao hawataki kuguswa na mate ya mbwa, na wote barabara ni yao pia. Mtoto wa shule akiona mbwa bila kamba anakimbia, na akikimbia mbwa anamfuata hata kama ni kwa kucheza. Kwa hivyo hata Duma akijua kuitika vizuri, ukiona mtu kwa mbali muite, mfunge, sogea kando, msalimie huyo mtu apite, ndo umwachilie tena. Ifanye kila mara na utaona Duma mwenyewe akiona mtu anarudi kwako bila kuambiwa, mbwa wangu wa kike alifika hapo na majirani wakaacha kuvuka ng'ambo.

Baba_Duma, Kiamunyi

Narudi kuwapa habari. Masikio yako safi, daktari wa huku ameangalia na chanjo zimekamilika. Mtu wa viatu amenishonea hanesi, imemkaa vizuri. Filimbi ndani na kwa boma iko sawa kabisa, na kwa kamba ndefu tukiwa peke yetu barabarani anakuja kwa mbio mpaka anateleza. Mbuzi wakiwa mbali anakuja pia. Kumshika kola hakuna kuruka pembeni tena, nyar_dunga ubarikiwe kwa hiyo.

Imebaki kuku na boda. Kuku akipiga mabawa tu Duma anakauka mwili wote, namwekea omena mbele ya pua na haioni. Boda nazo anataka kukimbia nazo sambamba. Hapo nafanyaje? Na ile ya kujua ako tayari hamjanijibu.

nyar_dunga, Kisumu

Vizuri sana Baba Duma. Mbwa anayependa kula akikataa omena anakuambia mko karibu sana na kuku. Rudini nyuma mpaka aweze kula, hata kama ni mwisho wa shamba. Kaeni hapo tu, usimuite, mwache aangalie kuku, na ile dakika anageuza kichwa kidogo kukuangalia, mpe. Anaangalia tena, anageuka, mpe. Baadaye utaona anaangalia kuku halafu anakugeukia haraka mwenyewe kudai chake. Hapo ndo unasogea hatua chache. Kuita kwa filimbi karibu na kuku kuje baada ya hayo, sio kabla, usiiharibu filimbi yako kwa kuku.

Na kwa mbwa wa mbio chakula peke yake hakitoshi. Alikuwa anataka kufukuza, sasa mpe cha kufukuza. Beba kitambaa kizito umekifunga kwa kamba fupi, akigeuka kutoka kwa kuku kimbieni pamoja upande ule mwingine ukikiburuta, akikamate, akivute, akitikise anavyotaka. Nimeona mbwa waliokuwa wanapuuza nyama wakirudi mbio kwa sababu ya kitambaa.

Boda ni kitu kingine. Fanya hayo hayo ya kuangalia kutoka mbali ili atulie, lakini karibu na barabara ya boda na matatu mimi sifungui mbwa, hata wangu ambaye namwamini kabisa. Mbwa anaitika mara ya kwanza miaka mitano halafu siku moja paka anavuka. Barabarani ni kamba fupi, mkifika kwa mashamba ndo mnabadilisha.

Kujua ako tayari, acha ile kamba ndefu iburute chini bila kuishika, uwe tu karibu na mwisho wake. Kama wiki zinapita na hujahitaji kuikanyaga, na anaitika kwa pulizo la kwanza karibu mara 9 kwa 10, mahali tofauti, asubuhi na jioni, akiwa ananusa kitu, akiwa anakimbia kwenda mbali na wewe, mbwa mwingine akipita, basi kata kamba ibaki mita 5. Ikienda vizuri mita 2. Halafu kipande kifupi cha kushika tu. Halafu unafungua kabisa mahali penye ua, na pasipo na ua pawe mwisho. Siku hiyo usimngoje aende mbali, muite akiwa hatua chache, mpe, mwachilie, muite tena. Ukijiona unasita moyoni kabla ya kupuliza, rudisha kamba, hakuna mtu anakukimbiza.

Na nikuambie ukweli, kuna mbwa hawafiki hapo. Damu ya kuwinda ikiwa nyingi atatembea na kamba ya mita 10 maisha yake yote, na bado ananusa, anakimbia, anaogelea, anafurahi. Sijawahi kumhurumia mbwa wa kamba ndefu. Namhurumia yule ameachiliwa mapema.

Huko Nakuru mna baridi nzuri, lakini mchana wa jua kali bado muwe waangalifu. Weka nyuma ya mkono kwa lami, kama huwezi kuvumilia sekunde 5 na yeye asikanyage. Mimi hapa Kisumu nafanya saa kumi na mbili asubuhi ama jioni jua likishapoa, na maji nabeba.

Baba_Duma, Kiamunyi

Nimeelewa, nitaanza na ya kitambaa kesho. Mama Lanet kama una kuku kwako na hawatasumbuka tukikaa nje ya ua mbali, naomba nimlete Duma Jumamosi. Daktari swali dogo, omena kila siku hivi haitamharibu tumbo? Maana sasa zinaisha haraka.

mama_Lanet

Leta. Kuku wako ndani ya waya, na njia ya nyuma ni pana, mtaanzia huko kwa mti wa mparachichi. Kuja saa moja asubuhi kabla niwafungulie.

daktari_wa_mifugo, Kakamega

Haina shida kama imeoshwa na haina chumvi. Ile unampa kwa mazoezi itoe kwa hesabu ya chakula chake cha jioni asinenepe, malipo yote ya siku yasipite kama sehemu 1 kati ya 10 ya anachokula. Kama choo kikianza kuwa laini pumzisha omena siku mbili tatu, na hakikisha amepewa dawa ya minyoo, mbwa anayekula vitu vya shambani anahitaji kila baada ya miezi 3.